Kwa Nasra, Kuhusu Daftari Nililolichoma

Nasra mwanangu,

Usilitafute daftari lako la jalada la kijani. Nimelichoma. Nimelitia kwenye jiko la makaa asubuhi ulipokuwa chooni unaoga, na chapati utakazokula njiani kesho zimeiva kwa moto wake.

Salamu nakupa baada ya hilo, kwa sababu ningeanza na salamu ungeruka mpaka chini kutafuta nataka nini. Mimi mzima. Hapa Mpendae kumetulia, adhana ya alasiri imekwishapita, na wewe uko Uroa umekwenda kumuaga bibi yako. Kesho asubuhi boti ya Dar, kisha Nairobi, miezi sita ya kutengeneza magemu na wenzako. Barua hii naitia chini kabisa ya begi lako, chini ya yale mashuka, uikute ukiwa huko ambako huwezi kurudi kunipigia kelele.

Habari za kula na kuvaa, kusali na kuangalia nani wa kukaa naye, sitaziandika. Una miaka ishirini na nne. Kama hukuyajua hayo ndani ya nyumba hii, karatasi haitakufundisha. Nakuandikia kwa ajili ya ile mistari miwili uliyoiandika kwenye jalada la nyuma.

Ndiyo, nililisoma kabla ya kulichoma. Lote, neno kwa neno, na sikuona haya. Nilikuta wenzako saba mnaokwenda pamoja huko, kila mmoja na kurasa zake: jina, gemu analotengeneza, watu wangapi wanamfuata mtandaoni, anatumia rangi gani. "Maji yake yanang'aa." "Muziki wa kupigwa kweli, si wa kompyuta." "Huyu yuko mbele yangu mbali sana." Umewachunguza kama unayetaka kuposa kwao. Mkenya mmoja umempa kurasa tisa, mpaka jina la paka wake umeliandika. Wewe mwenyewe, wa nane, hukuwa na hata ukurasa mmoja. Ulijiandika nyuma, juu ya jalada, wewe na hilo gemu lako: "Bamvua ni ya kitoto. Badilisha kila kitu kabla hawajaiona."

Niliposoma hapo nilikaa chini sakafuni, na unajua magoti yangu yalivyo.

Mwanangu, wale watu wa Nairobi walikuita kwa ajili gani? Uliwapelekea video ya dakika tatu. Ndani yake yumo bibi kizee mmoja, ana kamba zake na vigingi vyake, anafunga mwani kabla maji ya bamvua hayajajaa. Basi. Ukaja mbio ukumbini, ukanishika mabega ukanitikisa: "Mama! Wamesema hawajapata kuona kitu kama hichi!" Na sasa, kwa kuwa hawajapata kuona kitu kama hicho, unataka ukifika ukigeuze kifanane na vile walivyokwisha kuvichoka. Nikasema moyoni, huyu mtoto si mjinga, huyu karogwa. Kisha nikakumbuka aliyekuroga ni nani.

Wewe unanijua mimi ni mshona kofia. Umekua ukiniona na sindano na kile kitambaa cheupe pajani. Unachokijua wewe ni mkono wangu. Lakini kofia ya mkono ina kazi mbili: kuna kuchora, na kuna kushona. Mmoja anakaa na penseli anachora nakshi juu ya kitambaa, mwingine anashona vito, vile vitundu vidogo, kimoja kimoja, miezi miwili, mitatu. Wanaoshona ni wengi. Wanaochora wanahesabika. Mimi, Nasra, nilikuwa mchoraji. Hili sikukwambia kwa sababu ningekwambia ungeuliza niliacha kwa nini.

Nilipokuwa msichana Uroa, mama alikuwa akinitoa asubuhi maji yakikauka, twende tukafunge mwani. Mimi nilikuwa mvivu wa kufunga. Nilikuwa nainama naangalia njia za kaa mchangani, vile vidoti viwili viwili vinavyokwenda upande, vinazunguka, vinarudi shimoni. Miaka ikapita, siku moja nikavichora kwenye duara la kofia. Watu wakichora nyota, wakichora maua na mikarafuu, sikupata kumwona aliyechora njia ya kaa. Kaka yangu, mjomba wako Haji, alikuwa keshaposa. Akaiona akaniambia, "Dada, hii ndo ntakayovaa siku ya ndoa yangu. Usimpe mtu." Nikamwambia ni yako.

Wakati huo nilikuwa nimekwishaolewa, nakaa hapa hapa Mpendae. Nilikuwa na umri wako wa leo. Na nyumba ya pili alikuwa akikaa Bi Zuwena, huyu huyu unayempa shikamoo kila asubuhi akakujibu marahaba huku anatafuta miwani. Wakati huo kutoka Amani mpaka huku hakuna mwanamke aliyekuwa akichora kofia kumshinda. Nilikwishashona robo ya kaa wangu niliposikia Zuwena naye anashona kofia ya shemeji yake, harusi mwezi mmoja na ya Haji.

Hapo ndipo ugonjwa ulipoanza. Jumatatu nilikwenda kwake kuazima mbuzi ya nazi. Jumanne nikaenda kuirudisha. Jumatano nikaenda kumuuliza kama nimesahau kisu, na kisu nilikuwa nimekiacha kwangu makusudi ili nikakiulizie. Kila nikitoka kwake nikirudi nyumbani, kaa wangu nawaona kama kuku wamepekua jaani. Nafumua mstari mmoja. Kesho nashona tena. Keshokutwa naenda kwa Zuwena, narudi, nafumua. Wiki sita, na ile robo ikabaki robo. Baba yako alinitazama akaniuliza, "Hiyo kofia unaishona au unailea?"

Siku moja niliingia kwa Zuwena, mwenyewe yuko uani anafua. Kitini kulikuwa na kofia, imechorwa yote, imeshonwa nusu. Nyota, safu juu ya safu. Nilisimama pale nikaikariri kama mtoto wa chuo cha Kurani anavyokariri kwa kuogopa fimbo. Nikaona nyota zote zina pembe nane, isipokuwa moja ya kisogoni ina saba, na mstari wa vito chini yake umekatika haukukutana na mwenzake. Unajua nilisema nini? Nilisema: kumbe siri iko hapa! Nikaona kosa nikaliita ufundi. Nilirudi nyumbani, nikafumua kaa wote, hata alama ya penseli nikaifuta kwa mkate, nikachora nyota za Zuwena. Na ile ya pembe saba nikaona ni hasara kuificha kisogoni. Nikaileta mbele, juu ya paji la uso la kaka yangu.

Harusi ilikuwa Uroa. Nilimwalika Zuwena mimi mwenyewe, aje ajue kuwa nami nimo. Tulikuwa ndani tumekaa wanawake tupu, Haji ametoka msikitini kwenye ndoa, anaingizwa kwa mkewe, vigelegele vimepanda mpaka darini. Zuwena yuko ubavuni pangu. Akamtazama Haji, akakunja uso, akaniinamia.

"Mwenzangu, ile si nliitupa mie?"

"Ipi?"

"Ile kofia. Nlikosea nyota nkaiacha kitini, nkasema ntaifumua nipate kitambaa. We ndo uloitazama?"

Wallahi hakuwa akinikejeli. Aliuliza kama mtu anavyouliza chumvi iko wapi. Kisha akaangalia tena, akaiona ile nyota ilipo, mbele, katikati ya uso, na hapo kicheko kikamshinda. Akajiziba kwa ukaya wake wa kichwani, mabega yanampanda na kushuka. Wa pembeni yake akauliza nini, akaambiwa. Na cheko la wanawake harusini unalijua, halina breki.

Haji alisimama katikati ya chumba. Alidhani anachekwa mkewe. Nilimwona uso wake unavyobadilika, na siku ya ndoa yake hiyo hakuipata tena mara ya pili. Jioni alinifuata nyuma ya nyumba.

"Dada, kilichochekwa nini? Mie au mke wangu?"

"Mimi."

Nikamweleza. Akaivua ile kofia akaigeuza, akaweka kidole juu ya nyota.

"Mie nlitaka kaa," akasema. "Hata hiyo robo ningeivaa."

Hakunitukana. Ningependa angenitukana. Akaikunja akanipa, akaingia ndani kichwa wazi.

Aibu ilikuja ikaondoka, kama aibu zote. Kilichobaki kinaniuma mpaka leo ni kwamba zile wiki sita zote, Zuwena hakuwa akinifikiria. Mimi nilikuwa vitani peke yangu. Nilikuwa silali kwa ajili yake, na yeye alikuwa anafua nguo zake uani. Hao saba wako, Nasra, unadhani yuko hata mmoja mwenye daftari lako? Yule wa paka unadhani anaijua Bamvua ina rangi ngapi? Wamelala huko. Hawakujui. Hilo ni jambo zuri na wewe unalichukulia kama tusi.

Baada ya siku ile sikuchora tena. Nikawa nashona za watu. Watu wananisifu mkono, wanasema Bi Saada vito vyake unaweza kuvihesabu gizani. Kuna mzee mmoja Muhindi alikuwa na duka la kofia mjini, mtaa wa Mchangani, nilikuwa nampelekea zangu tangu wewe hujaanza skuli. Siku moja nilikuwa nimesimama dukani kwake namsomea zile zilizotundikwa: hii nakshi ya fulani, ile ya fulani, hii kachora marehemu nani, kaigeza ya nani. Zote nazijua. Akanisikiliza akacheka, akasema, "Bi Saada, we kama kitabu. Na yako ipi?"

Nikamwonyesha: hii nimeshona mimi, na hii, na zile tatu za juu.

"La, hizo najua umeshona. Yako ipi?"

Nilimwambia nina haraka nawahi nyumbani. Nilitoka pale nikapotea njia mjini, mimi niliyekuwa nikipita Mji Mkongwe kila wiki, nikazunguka vichochoroni kama mtalii mpaka nikatokea Malindi. Sikuwa nimeshughulika miaka yote ile na kitu chochote isipokuwa kazi za wenzangu, na nilikuwa nimezijua kweli kweli, na ujuzi huo haukunipa hata kitundu kimoja cha kusema hiki changu.

Sasa nijitazame nilivyokulea. Ulipoleta matokeo, sikuuliza umepata ngapi, niliuliza wa kwanza nani. Ulipohifadhi juzuu ya kwanza nikakwambia mtoto wa Zuwena kafika ya tatu. Ulipojifunza kupika wali, niliuonja nikakutajia wa shangazi yako. Nilikuwa nadhani nakunoa. Ukawa huwezi kula tonge bila ya kutazama sahani ya jirani.

Na hayo bado ni madogo. Nililokuja kukuandikia ni la mwaka juzi.

Ulikuwa umemaliza chuo, umekaa hapa mezani na kompyuta yako pembeni mwa vitambaa vyangu, umeme ukikatika unalia, ukirudi unacheka. Ulikuwa unakwenda Uroa unarikodi maji. Ulimrikodi bibi yako akipiga kelele: "Haya, maji hayo! Maji hayo, nyie!" Siku moja ukanipa simu. "Mama, cheza." Nikacheza. Ukaniona nimeshindwa mara kumi na moja, maji yananijia, kamba zinachukuliwa, na kila yakija nasikia sauti ya mama yangu mzazi inanigombeza kama nilivyokuwa na miaka kumi na sita. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Ukaniuliza, "Zuri?"

Na mimi, baada ya kujifuta macho, nikakuuliza: "Na wenzako huko duniani wanatengeneza nini?"

Unakumbuka? Mimi nakumbuka vizuri, maana niliona. Niliona taa inazimika usoni mwako. Siku hiyo hiyo ukaanza kutazama. Ukakuta gemu la mtu mmoja huko Ulaya, lina bahari, maji yake yanameta, ukanionyesha. Wiki ya pili ukamtoa bibi ukatia shujaa mwenye upanga. Kisha shujaa ukamtoa ukatia shamba. Kisha karata. Kisha mizimu. Miaka miwili, mianzo kumi, mwisho hakuna. Na katikati ya hayo ukawa shangazi wa magemu ya watu. Unajua nani kazaa, nani kaharibu, nani anatoa lini. Unawajaribia, unawaandikia maoni marefu, unawatafutia makosa, wanakuita dada yetu. Wote wamemaliza. Wanakutaja mwishoni kwenye shukrani, na wewe unanionyesha jina lako kwenye shukrani za watu kama cheti cha ndoa.

Nilikuwa nakutazama ukifanya hayo. Nilijua dawa. Ningesema neno moja tu, "Mrudishe bibi yako," ungemrudisha. Sikulisema. Nilikaa na sindano yangu miaka miwili.

Nakwambia kwa nini, na ukishajua utafanya utakalo. Nilikuonea wivu. Nilipokuwa nimeishika ile simu, nikijua kwamba kitu hiki hakuna mwingine aliyekiona isipokuwa mtoto wangu, kwamba kakitoa pale pale mchangani nilipotoa kaa wangu, na kakaribia kukimaliza, kitu kilinichoma hapa chini ya ziwa la kushoto. Nikasema kimoyomoyo: kwa nini yeye? Lile swali langu halikuwa swali. Nilijua litakalofanya. Nilikutia mkono kwenye kofia nikaanza kufumua.

Mama hasemi hivi. Najua. Ukitaka kumsomea mtu barua hii, msomee, watanilaani, na watakuwa na haki.

Wala sikwambii usitazame kazi za watu. Hapana anayejifunza akiwa amefumba macho. Mimi nilijifunza kushona kwa kumtazama mama mkono wake, sindano inaingia wapi, uzi unavutwa kiasi gani. Lakini nilitazama mkono. Kwa Zuwena nilitazama kofia. Wewe unatazama video za watu zilizokwisha kupambwa na kutiwa muziki, kisha unaitazama Bamvua yako iko uchi inaharisha, unasema hii mbaya. Unapima kuku wako asiyenyonyolewa na biriani ya mwenzio iliyokwisha kupakuliwa. Na wao walipokuwa wananyonyoa, hukuwepo.

Nitakupa na ukweli mwingine, kwa kuwa leo nimeshika kisu. Nimesoma daftari lako lote, nikaenda kuwatazama hao saba kwenye simu kabla sijalitia motoni. Unaona, hata mimi sikuweza kujizuia, mchawi haachi. Watatu kati yao wanakushinda. Yule wa tatu anakushinda mbali. Si kwa bidii, kwa kipaji, na wewe hutamfikia hata ukikesha miaka kumi. Nasema hivi mimi ninayejua kazi ya mkono nikiiona. Kumtazama kwako hakutampunguza. Atakuja na lake zuri, watu watalipenda, na siku hiyo hiyo watu haohao, kama Bamvua ipo, wataicheza na Bamvua. Kama haipo hawataitafuta. Hakuna atakayeuliza yule msichana wa Unguja gemu lake limeishia wapi. Usidhani dunia ina pengo linalokungoja.

Anayekungoja ni mmoja, na saa hii umekaa naye mkekani. Nakujua, na namjua mama yangu. Atakukatia embe, atakusomea dua, kisha atakuuliza lile anakuuliza kila ukienda: "Na sauti yangu bado imo?" Na wewe utamjibu imo. Umemjibu hivyo miaka miwili. Mara ya mwisho nilikuwepo. Akanigeukia mimi akasema, "Saada, ntakufa wallahi huku nnawagombeza Wazungu wafunge kamba." Akacheka mwenyewe kwa furaha. Wewe ukatazama simu, mimi nikatazama sindano, na hakuna kati yetu aliyekuwa na uso wa kumwambia kwamba alikwishatolewa zamani, nafasi yake ikashikwa na mtu mwenye upanga, kwa sababu mtu mmoja Ulaya maji yake yanameta.

Ulimrudisha kwa wiki moja tu, ulipotaka ile video ya Nairobi. Sauti ile ndiyo iliyokufungulia mlango. Na jalada la nyuma la daftari lako limesema utamtoa tena.

Mama anakaribia miaka themanini. Macho yamekwenda, masikio bado. Sijui kama miezi sita hii atakuwepo kuimaliza. Nakuandikia hivi si kwa kukutia huzuni bali ujue unacheza na nini unapofuta faili lile.

Nilitaka kukwambia nimebadilika. Nilitaka kuandika kwamba nimetubu, nakuombea, ushindi wako ni ushindi wangu, kama wanavyoandika mama wengine. Nikashika kalamu, haikwenda. Ukweli ni kwamba asubuhi, nilipokuwa nakufungia begi, nilikisikia kile kitu tena chini ya ziwa. Kipo. Nakupenda kuliko pumzi yangu, na kipande kimoja cha moyo wangu, kidogo, kichafu, kinataka urudi Desemba mikono mitupu ukae hapa mezani pembeni yangu, tuwe wawili, tuwataje waliomaliza. Nitakupikia. Nitakubembeleza vizuri sana. Nitakwambia dunia haina haki, na nitalala usingizi mnono.

Nikikupigia simu nikakuuliza wenzako wanaendeleaje, ujue ni kipande hicho kinachoongea, na ukate simu. Usiniogope radhi. Radhi nimeshakupa, hii hapa, naiandika kwa mkono wangu ili nisije nikaikana: mtoto atakayemkatia simu mama yake kwa jambo hili hana dhambi.

Hakuna mtu aliyenikasirisha mimi vya kutosha wakati ule. Zuwena alinicheka, nikajikunyata. Haji alinisamehe, na msamaha wake ukanimaliza kabisa. Laiti angetokea mmoja akanitazama usoni akaniambia, wewe hutaweza, na mimi sitaki uweze. Pengine ningechukua penseli.

Basi mimi nakwambia. Utashindwa, Nasra. Utafika huko, utawaona, utafumua. Mimi mama yako nimekusomea kurasa zote na nimeweka dau langu upande huo.

Kama kujipenda hakukutoshi, na kunipenda mimi ndiko kulikokuharibu, basi imalize Bamvua kwa kunikomoa. Kisha niletee hapa mezani, unipe simu, usiniulize kama ni zuri.

Mama yako,
Saada